Kesi ya Nyaya Mbili katika Nchi ya Mwangwini

Katika nchi ya Mwangwini mgeni haulizwi alikotoka wala alilojia. Huulizwa kwao wanasikilizaje.

Nilipofika lango la mji, ofisa mmoja mnene, mpole, alichomoa pamba masikioni mwake kwa adabu, kisha akaniuliza swali hilo. Nikamjibu kwamba kwetu tunasikiliza kwa masikio. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa.

"Nauliza habari ya waya, bwana mgeni," akasema. "Spika za kwenu zinaletewa sauti kwa waya mmoja au kwa nyaya mbili?"

Nilimweleza ukweli. Nilikulia katika nyumba yenye redio moja ya betri, nayo ilikaa dirishani ikitazama nje ili majirani nao wafaidi. Spika ilikuwa humo humo tumboni mwake. Kama ilikuwa na waya mmoja au kumi, hakuna aliyewahi kuifungua atazame, labda mende.

"Basi huna upande," akasema ofisa, na uso ukamchangamka. "Baraza litafurahi sana."

Sikuelewa furaha hiyo inatoka wapi, lakini nilikuwa nimechoka na jua lilikuwa kali, nikamfuata.

Nieleze jambo lenyewe kama nilivyoelezwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Nyumba za Mwangwini zina spika kubwa za mbao, mbili mbili, zimesimama sebuleni kama wageni wa heshima. Ndani ya kila spika mna midomo miwili: wa chini mpana, unaotoa sauti nene za ngoma na gitaa la besi, na wa juu mdogo, unaotoa sauti nyembamba za filimbi na matoazi. Nyuma ya spika kuna skrubu za kufungia waya, jozi ya juu na jozi ya chini, na kipande cha shaba kimeziunganisha. Zamani watu walifunga waya mmoja kutoka kwenye amplifaya, shaba ikaigawa sauti, kazi ikaisha. Kisha akatokea mtu, ambaye sanamu yake ipo sokoni ingawa jina limefutika, akakiondoa kile kipande cha shaba, akavuta waya wa pili. Sauti nene ikapewa njia yake na nyembamba njia yake. Akaketi, akasikiliza, akasema kwamba sasa ndipo anasikia.

Tangu hapo nchi ikagawanyika. Walioamini waya wa pili waliitwa Wawili, na waliokataa waliitwa Wamoja. Wawili walisema sauti nene ni kama ng'ombe na nyembamba ni kama mbuzi. Ukizipitisha kichochoro kimoja, mbuzi atakanyagwa. Wamoja walijibu kwamba nyaya zote mbili zinaanzia zizi moja, maana amplifaya ni ile ile na skrubu zake ni zile zile, na kwamba sauti haina kwato. Wawili walikuwa na washairi. Wamoja walikuwa na mashine yenye mshale, ambayo waliichomeka kwenye spika na kukaa kuitazama badala ya kusikiliza. Niliishi katikati ya watu hao nikagundua jambo lililonisikitisha: hakuna kati yao aliyekuwa akitaja wimbo. Ukimuuliza mtu jana alisikiliza nini, atakwambia alisikiliza shaba safi ya unene wa kidole.

Desturi nyingine zilifuata. Kila sebule ina kiti kimoja tu, kilichopigiliwa sakafuni mahali ambapo sauti za spika mbili hukutana. Baba akikikalia, mke na watoto husimama ukumbini wakingoja zamu. Harusini maharusi hukaa kwanza, halafu wageni hupanga foleni. Kucheza kumekatazwa, kwa kuwa mwili ukitikisika masikio huhama mahali pake. Na kuimba pamoja na santuri, hata kuguna kwa kufunga mdomo, ni kosa la kushtakiwa, kwa sababu mwenye kuimba anachafua kinachosikilizwa.

Sheria kubwa kuliko zote ni ya mirathi. Mwangwini, nyumba na shamba hugawanywa kama kwingine. Lakini sauti ya marehemu, ikiwa imehifadhiwa kwenye santuri au kanda, haigawanywi. Humfuata yule anayeisikia vyema. Pakitokea ubishi, Baraza la Usikivu husikiliza na kuamua, na kwa kuwa kila mtu nchini ana upande, hutafutwa mgeni asiye na upande akae kama Sikio la Haki.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta ndani ya kesi ya Bi Mwatima na mdogo wake Shaibu.

Baraza lilinipa malazi kwa Bi Mwatima mwenyewe, kwa kuwa sheria inamtaka mgeni aijue sauti ya familia kabla ya kuihukumu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyestaafu ukunga, na mikono yake haikukaa bure hata alipokuwa akizungumza.

"Shikamoo, Bi Mwatima," nilimwambia mlangoni.

"Marahaba. Karibu ndani. Usikikalie kile kiti."

Sikukikalia. Nilikaa jikoni kwenye kigoda huku akichagua mchele, na humo jikoni ndimo alimonisimulia habari za mama yao.

Mama yao aliitwa Mwanakheri. Siku hizo, alisema Bi Mwatima, sheria zilikuwa bado hazijafika. Mtaa mzima ulikuwa na spika moja, ya mwenye mgahawa, iliyoning'inizwa juu ya mlango kwa kamba ya katani. Ilikuwa imepasuka kidogo, na nyimbo zote zilitoka na mkwaruzo kama wa mtu mwenye mafua. Hakuna aliyelalamika. Jioni wanawake walitoa mikeka barazani, wakasuka nywele, wakaimba juu ya sauti ya mwimbaji mpaka hujui yupi yuko mjini na yupi yuko hapa. Wazee walicheza bila kuvua kofia.

"Mama alikuwa akiipita ile spika," alisema. "Mwenye mgahawa alikuwa anatoka nje anasema, Mwanakheri, punguza, wateja hawasikii santuri. Mama anamjibu, basi izime tuokoe betri."

Alicheka peke yake, kimya kimya, kisha akaendelea kuchagua mchele.

Siku moja wakaja watu wa kurekodi na lori lenye mitambo. Walikuwa wakikusanya nyimbo za kazi. Mwanakheri aliimba wimbo wake wa kupepeta mchele, ungo mkononi, na baada ya muda wakamletea santuri moja. Ndiyo sauti pekee ya mama yao iliyobaki duniani. Upande wa pili hauna kitu.

"Na ugomvi na ndugu yako ulianzaje?" niliuliza.

Bi Mwatima aliweka ungo chini.

"Shaibu alikuwa mbali mama alipofariki. Alifanya kazi migodini huko kusini, barabara zilikatika kwa mafuriko, akafika baada ya maziko. Siku ya arobaini akaja na zile nyaya zake mpya. Akafungua spika, akatoa shaba, akafunga. Tukaweka santuri. Ilipofika mahali fulani akanyanyuka kwenye kiti, akaniambia, dada, umesikia? Mama amevuta pumzi pale, kabla ya mstari. Nikamwambia nimeisikia tangu santuri ilipoletwa. Akasema haiwezekani, kwa waya ule wa zamani haisikiki." Akanitazama. "Unaelewa alichoniambia, mwalimu? Nimemlea mama yule mpaka pumzi ya mwisho. Ananiambia eti sikuwahi kusikia pumzi yake."

Alipojua kuwa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliacha kuniita mgeni.

Nilimwona Shaibu kabla ya siku ya Baraza, kwa kuwa sheria ilinitaka nikanywe chai kwake pia. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, na kikohozi cha vumbi la migodi. Nyumba yake ilikuwa nadhifu na kimya. Alinionyesha nyaya zake, zimefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Nikamuuliza kama ni kweli anasikia tofauti.

"Nasikia," alisema.

"Wamoja wanasema ni kudhani tu."

"Mwalimu, mimi siku ile nilisikia. Wao hawakuwepo." Akakunja kitambaa taratibu. "Na dada alinicheka. Alisema nimechelewa."

"Alisema umechelewa?"

"Alisema ameisikia tangu zamani. Si ndiyo hiyo hiyo?"

Nilitaka kusema neno, lakini Sikio la Haki haliruhusiwi kutoa ushauri. Nikamaliza chai yangu.

Ukumbi wa Baraza la Usikivu umejengwa kwa mbao laini na kupambwa mapazia mazito, na ukiingia unahisi kama umetumbukizwa kwenye gunia la pamba. Wawili waliketi kushoto, Wamoja kulia. Mbele, juu ya jukwaa, aliketi Msikilizaji Mkuu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi Sikujua, mwenye sura ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka. Mimi niliwekwa katikati kwenye kiti kilichopigiliwa. Spika zilikuwa mbele yangu, na pazia lilizificha nyaya na mikono ya mafundi waliokuwa wakizibadilisha.

Kwanza walisimama wataalamu. Wa Wawili, daktari wa usikivu mwenye joho la kijani, alizungumza juu ya mbuzi na ng'ombe kwa ufasaha mkubwa. Wa Wamoja alisoma vipimo vya mshale wake, akahitimisha kwamba tofauti haipo, na kama ipo ni ndogo kuliko mpigo wa bawa la nondo, na kama ni kubwa kuliko hapo basi fundi hakukaza skrubu.

"Umewahi kuusikiliza wimbo wenyewe?" Bi Sikujua alimuuliza.

"Haikuwa lazima, mheshimiwa."

Akamgeukia yule wa kwanza. "Na wewe?"

"Nimesikiliza nyaya, mheshimiwa. Wimbo ni suala la familia."

Bi Sikujua alipitisha kidole ukingoni mwa meza yake, kisha akaamuru santuri iwekwe.

Sindano ilishuka. Ulitangulia mkwaruzo, kisha ungo ukaanza kutikiswa, shaa, shaa, na sauti ya mwanamke ikapanda juu yake bila haraka.

*Pepeta polepole, pumba ndizo zenye haraka,*
*mchele hauna safari, utabaki ungoni.*

Kuna mahali sauti ilisita, pumzi ikavutwa, ndogo, kama ya mtu anayeinua ndoo. Kisha mstari mwingine ukafuata. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Baraza, lakini nilikuwa pia sebuleni kwetu, jioni ya mvua, shangazi yangu akipiga kelele kutoka mekoni, "Ongezeni sauti nyie, mimi si binadamu?" na mtu fulani, sikumbuki nani, akizungusha kile kitufe cha redio. Sijui kama machozi huhesabiwa kuwa ushahidi Mwangwini. Niliyafuta.

Mafundi walibadilisha nyaya nyuma ya pazia. Santuri ikapigwa tena. Kisha Bi Sikujua akaniuliza: "Sikio la Haki, ni mara ipi umesikia zaidi?"

Nilijibu kweli tupu. "Mara ya pili, mheshimiwa. Nilisikia zaidi ungo, na ile pumzi."

Upande wa kushoto ukavuma kwa furaha, maana fundi alithibitisha kwamba mara ya pili zilikuwa nyaya mbili.

"Lakini mara ya pili," niliendelea, "nilikuwa nimeshaujua wimbo. Nilikuwa naingoja pumzi. Ningesikia zaidi hata kama mafundi wangekwenda kunywa chai."

Upande wa kulia ukavuma. Wataalamu wote wawili walisimama kwa pamoja. Mmoja alitaka santuri ipigwe kwa mpangilio wa kinyume, mwingine alitaka ipigwe kwa waya mmoja mara zote bila mgeni kuambiwa. Baraza likakubali yote mawili, na santuri ikapigwa, na kupigwa tena, na kila mara nilitoa jibu na kila mara jibu langu lilizaa jaribio jingine. Niliyemwangalia wakati huo ni Bi Mwatima. Kila sindano iliposhuka alifumba macho kama mtu anayechomwa yeye. Mkwaruzo ulikuwa unazidi. Santuri ilikuwa ya zamani, na kesi hii, nilikuja kujua, ilikuwa imeshasikilizwa na Masikio ya Haki mengine kabla yangu.

Kisha ikatokea. Sauti ilifika pale ilipozoea kusita, sindano ikaruka, ta, ikaangukia mbele. Pumzi haikuwepo. Wala mstari ulioifuata.

Fundi aliirudisha. Ikaruka tena pale pale.

Bi Mwatima alisimama. "Basi," alisema. "Msiiguse tena. Mpeni yeye."

"Siitaki," akasema Shaibu kutoka upande wa pili, akiwa bado ameketi.

"Sheria hairuhusu mdai kujitoa kabla haijajulikana nani anasikia vyema," akasema yule wa joho la kijani.

Shaibu alisimama, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akamtazama dada yake badala ya Baraza.

"Wewe ulikuwa naye," alisema. "Ulimwosha, ukamlisha, ukamfumba macho. Mimi nilikuta kaburi. Siku ile ya arobaini nilisikia akivuta pumzi, nikadhani... nikaona kama nimefika kabla hajamaliza. Nilitaka kukupa na wewe. Basi."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Nilisema. Nilisema, dada, umesikia?"

Mikono ya Bi Mwatima ilitafuta kitu cha kushika, haikupata. Kisha akavuta pumzi, ndogo, kama ya mtu anayeinua ndoo, nikamwona Shaibu akiinua kichwa ghafla. Akaimba ule mstari uliorukwa, kwa sauti iliyochakaa, isiyo nzuri sana.

*Nikiwa mbali niite, sauti hufika na mvua.*

Ukumbi mzima uliganda. Kuimba ndani ya Baraza la Usikivu hakukuwa na adhabu iliyotajwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angethubutu.

"Umande," akasema Shaibu.

"Nini?"

"Si mvua. Ni umande. *Sauti hufika na umande.*"

"Shaibu, mimi ndiye niliyepepeta naye."

"Na mimi nilikuwa mgongoni mwake. Umande, dada."

Bi Mwatima alifikiri, midomo yake ikitembea. "Umande," alisema hatimaye. "Ndiyo. Mvua ni ule wimbo mwingine."

Msikilizaji Mkuu alikuwa ameinama mbele juu ya meza yake. "Rudia ule mstari," alisema.

"Kwa ajili ya ushahidi?" aliuliza Bi Mwatima.

"Hapana," akasema Bi Sikujua. "Rudia tu."

Wakarudia, wote wawili, kila mmoja kwa upande wake wa ukumbi, na Shaibu alikohoa katikati. Sijui kama mbuzi alikanyagwa. Bi kizee mmoja kwenye safu ya Wamoja alianza kutikisa bega, na jirani yake alimtazama lakini hakumkemea.

Baraza halikutoa hukumu. Bi Sikujua alitangaza kwamba kilichobishaniwa hakimo tena ndani ya santuri, kwa hiyo hakuna cha kurithiwa na mwenye kusikia zaidi. Wataalamu walikata rufaa siku ile ile, kila mmoja akidai ameshinda, na nasikia rufaa hizo bado zinaendelea na kwamba sheria ya kiti na ile ya foleni ziko pale pale.

Mimi niliondoka na wale ndugu kwa miguu. Njia nzima walibishana. Shaibu alisema santuri irudi kwa dada na ifungiwe waya wa zamani, kama mama alivyoizoea. Bi Mwatima alisema hapana, azilete zile nyaya zake mbili, gharama yote ile ya nini. Hawakukubaliana, na santuri ilikuwa kwapani mwa Shaibu ndani ya kitambaa, na hakuna aliyeonyesha haraka ya kuiweka popote.

Bi Mwatima alipika wali na samaki wa nazi, tukala kwenye mkeka jikoni, kwa kuwa sebuleni kuna kiti kimoja tu. Jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka mekoni. Shaibu alikula kidogo, akaacha.

"Dada," alisema, "siku ile ya mwisho, alikula nini?"

Nilifanya kama ninayeshughulika na mwiba wa samaki.

"Aliomba uji," alisema Bi Mwatima. "Nikampikia. Akasema hauna ndimu. Nikamwambia mama, ndimu nimetia. Akasema, basi ni ulimi wangu umetangulia, si kosa lako. Akanywa vijiko viwili vitatu, akataka dirisha lifunguliwe. Kulikuwa na watu wanapita kwenda sokoni, akawa anawasikiliza. Akamtambua mama Subira kwa ndala zake. Akasema, huyu naye hajanunua nyingine tu." Akasukuma bakuli la mchuzi kuelekea kwa mdogo wake. "Kisha akakuulizia wewe."

"Alisemaje?"

"Alisema, Shaibu amekula?"

Shaibu alikuwa ametulia kabisa. Sijapata kuona mtu anasikiliza namna ile, katika nchi ile wala katika yetu.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia amekula."

Shaibu akavuta sahani yake karibu, akamwagia mchuzi, akaanza kula.